Maswali ya Wasomaji: Sili na Mipira ya Injini Zinazopozwa kwa Hewa

Barua nyingi zilizotufikia tangu toleo lililopita zinahusu magari ya zamani yasiyo na rejeta, hasa Volkswagen Beetle na Kombi, na karibu zote zinaishia kwenye swali moja: ninunue sili (mpira wa kuzuia oili isivuje) ipi? Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa na wengine, nami nimezifupisha bila kugeuza maana yake.

Kabla ya kuzijibu, naomba kila mwenye Volkswagen achukue tochi na kalamu, afungue mlango wa injini, asome namba iliyogongwa kwenye kasha la injini, chini kidogo ya stendi ya dainamo. Sili hainunuliwi kwa jina la gari wala kwa mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Hununuliwa kwa injini iliyomo ndani leo, na si ajabu gari la miaka ya 1960 likawa linatembea na injini ya miaka ya 1970. Herufi zinazotangulia namba hiyo ndizo zinazosema kweli: D ni 1200 (ukubwa wa injini kwa sentimita za ujazo) iliyoanza mwaka 1960, F ni 1300, H ni 1500 ya Beetle, AB ni 1300 ya baadaye, AD na AS ni 1600. Jihadhari na maandishi makubwa yanayosomeka AS 41, ambayo yamechomoza kwenye kasha lenyewe badala ya kugongwa. Hayo ni jina la aloi ya magnesi iliyotumika kusubu kasha, wala hayana uhusiano wowote na ukubwa wa injini. Nimewahi kuona watu wakiagiza spea za 1600 kwa sababu ya maandishi hayo tu.

Ndugu fundi, nina Beetle 1300 niliyorithi kwa marehemu baba. Oili inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Sili ya flaiwili, lile gurudumu zito linalofungwa kwenye injini, imebadilishwa mara mbili, ya kwanza nyeusi na ya pili ya rangi ya machungwa, na bado inavuja. Je, ninunue ya kampuni gani? — Msomaji, Moshi

Ndugu yangu wa Moshi, sili mbili zikivuja mahali pamoja, mashaka yangu yanahama kutoka kwenye sili kwenda kwenye kile kinachoizunguka. Kwanza tuhakikishe ni oili gani. Pangusa tone lile kwa karatasi nyeupe ulinuse: oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti ambayo mtu akishainusa haisahau. Ikiwa ndiyo hiyo, basi anayevuja ni sili ya shafti ya giaboksi, na mafundi wako wamekuwa wakimtibu asiyeumwa.

Ikiwa ni oili ya injini, bado kuna njia tatu za kufika pale chini, na sili kubwa ya krenki, yaani shafti kuu ya injini, ni moja tu kati ya hizo. Njia ya pili iko ndani ya flaiwili yenyewe, pale inapokaa kwenye ncha ya krenki. Flaiwili za zamani zilikuwa na uso mtupu na zilifungwa pamoja na gasketi nyembamba ya karatasi au ya bati laini. Zile zilizofuata, kuanzia katikati ya miaka ya 1960, zimechongwa mfereji ndani ya shingo, na humo hukaa oringi, yaani pete ya mpira. Mwambie fundi aitazame flaiwili kabla ya kwenda dukani. Penye mfereji panawekwa oringi mpya peke yake, pasipo mfereji panawekwa gasketi, na viwili hivyo havichanganywi. Oringi hii ni kitu kidogo cha bei ya soda, lakini hukaa mahali ambapo kuibadilisha kunadai kushusha injini na kufungua nati ya milimita 36 iliyokazwa kwa nguvu nyingi mno, kwa hiyo fundi mwenye haraka huirudisha ya zamani. Oili ikipita hapo huibukia katikati ya flaiwili, hurushwa pembeni na mzunguko, na huacha alama zilezile ambazo sili mbovu ingeziacha.

Njia ya tatu ni kizibo kidogo kilicho kwenye ncha ya kemshafti (shafti inayofungua vali), nyuma ya flaiwili, kati ya nusu mbili za kasha. Ukiona unyevu unaanzia pale, hakuna sili ya kununua; hiyo ni kazi ya kufungua kasha zima.

Tukirudi kwenye sili yenyewe, nina maswali ambayo fundi wako anapaswa kuyajibu akiwa ameishika flaiwili mkononi. Apitishe ukucha kwenye shingo pale mdomo wa sili unapogusa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji uliochongwa na sili za miaka yote hiyo, mdomo mpya hauwezi kubana vizuri hata ungekuwa wa dhahabu. Shingo inapaswa kung'arishwa na mchonga vyuma, au ivishwe pete nyembamba ya chuma, au flaiwili ibadilishwe. Kisha apime plei ya krenki, yaani mwendo wake wa mbele na nyuma. Kiwanda kinataka milimita 0.07 hadi 0.13, na ikifika 0.15 ni mwisho. Wewe mwenyewe unaweza kupata fununu bila vifaa: injini ikiwa imezimwa, shika puli ya nyuma kwa mikono miwili, uivute na kuisukuma. Ukisikia inagonga "tok, tok" waziwazi, plei imezidi, na sili inasuguliwa kwa namna ambayo haikuumbiwa. Mwendo huo hurekebishwa kwa washa tatu maalumu zinazokaa nyuma ya flaiwili, zinazouzwa kwa unene tofauti. Ziwe tatu daima, si mbili nene wala nne nyembamba. Wenye flaiwili ya gasketi wakumbuke kuwa unene wa gasketi nao huingia kwenye hesabu.

Uwekaji pia huua sili nyingi nzuri. Ukingo wa tundu la kasha unapaswa kusafishwa na kulainishwa pembe, la sivyo hukwangua mpira wa nje wa sili wakati inaingia, nawe hutaona kitu mpaka oili ianze kushuka. Upande wenye springi huelekea ndani, kwenye oili. Mdomo upakwe oili kabla flaiwili haijaingia, kwa sababu ukianza kuzunguka mkavu huungua katika dakika za mwanzo. Sili iingizwe sawasawa pande zote hadi ikae chini ya tundu lake, kwa kifaa cha mviringo au kwa kipande cha ubao bapa, si kwa kugongwa nyundo upande huu kisha upande ule.

Kuhusu swali lako la awali, ukiniuliza kati ya ile nyeusi na ile ya machungwa, mimi ningechukua ya silikoni au ya Viton kuliko ya nitrile ya kawaida (aina za mpira nitakazozieleza mbele), maana sehemu ile hupata joto la oili na msuguano kwa pamoja. Jina la kiwanda lina maana ndogo kuliko vipimo na aina ya mpira. Jambo la mwisho: kama injini inapumua moshi mwingi kwenye mdomo wa kujazia oili, pete za pistoni zimechoka na hewa inaisukuma oili itoke popote itakapopata upenyo. Kagua pia ule mrija unaoning'inia chini ya mdomo huo. Una ncha ya mpira iliyopasuliwa kwa makusudi, na ikiziba kwa matope, presha haina pa kwenda.

Nimenunua seti nzima ya gasketi na sili za Beetle 1500. Ndani kuna sili moja tu ya krenki, ya upande wa flaiwili. Nilipomuuliza muuzaji ya upande wa puli iko wapi, alicheka. Nimeibiwa? — Msomaji, Morogoro

Hukuibiwa, ingawa muuzaji angeweza kukueleza badala ya kucheka. Injini hii haina sili ya mpira upande wa puli. Nyuma ya puli kuna kisahani cha chuma kinachoitupa oili pembeni inapokaribia, na shingo ya puli imechongwa mfereji wa mzunguko kama nyuzi za skrubu, unaoirudisha ndani ile inayoponyoka. Mpango huo hufanya kazi vizuri maadamu kisahani kimewekwa upande wake sahihi na presha ndani ya kasha si kubwa. Zipo puli za kisasa zinazokuja na sili yake, zilizobuniwa kwa ajili ya magari yanayokimbizwa kwenye mchanga, lakini baadhi yake hudai kasha lichongwe. Kwa gari la kwenda sokoni na kurudi, sioni sababu ya kulichonga.

Assalaam aleikum fundi. Nina Kombi ya mwaka 1970, injini 1600. Tukitoka Mombasa kwenda Voi inachemka hata kabla ya Mariakani, na oili huwa nyepesi kama maji. Injini ilifanyiwa ukarabati mwaka jana. Jirani yangu ameniambia nizibe nafasi iliyoko pembeni mwa injini kwa sponji ya godoro. Je, inafaa? — Msomaji, Likoni

Wa aleikum salaam. Jirani yako ameliona tatizo lenyewe, ila dawa aliyokupa ni ya hatari.

Mpira unaozunguka injini, ule unaoziba nafasi kati ya mabati ya injini na bodi, hudhaniwa kuwa ni wa kuzuia vumbi na kelele. La hasha. Katika gari lisilo na rejeta, mpira huo ni sehemu ya mtambo wa kupoza, sawa na feni. Feni iliyofungwa kwenye shafti ya dainamo huvuta hewa kutoka ndani ya chumba cha injini, ambacho kwenye Kombi yako hupata hewa safi kupitia matundu yale ya juu kwenye pembe za nyuma, kisha huisukuma ipite kwenye kipoza oili na kwenye mapezi ya silinda. Hewa hiyo ikishabeba joto hutoka chini ya gari, na inatakiwa iende zake isirudi. Sasa, kwa kuwa feni inanyonya kwa nguvu, presha ndani ya chumba huwa ndogo kidogo kuliko ya nje. Penye upenyo wowote kati ya bati na bodi, hewa iliyokwisha kupashwa moto na silinda na bomba la ekzosi hunyonywa kurudi juu, feni huimeza tena, na injini hujipoza kwa pumzi yake yenyewe. Kabureta nayo huvuta hewa hiyohiyo. Juu ya hayo, moshi wa ekzosi yenye tundu ukiingia humo unaweza kupitia mipira ya hita hadi ndani ya gari mlimokaa na watoto.

Njia rahisi ya kujua hali ilivyo ni hii: usiku, injini ikiwa baridi, weka taa yenye mwanga mkali sakafuni chini ya injini, zima taa nyingine zote, halafu tazama kwa juu kupitia mlango wa injini. Kila unapoona mwanga, hapo ndipo joto linapopandia. Mara nyingi mwanga mkubwa hautokei kwenye mpira mkuu. Utauona pale mabati mawili yanapokutana na skrubu imepotea, au upande wa mbele kuelekea giaboksi ambako mkono haufiki. Hesabu na zile kofia za mpira zinazokaa kwenye waya za plagi na kuziba matundu ya bati. Zikiwa zimekakamaa au hazipo, hewa ambayo feni imekwisha kuisukuma kwenda kwenye silinda huponyoka pale kabla ya kufanya kazi yake. Kofia nne hizi ndizo spea ninazozipendekeza mwanzo kabisa, maana hazihitaji kushusha kitu.

Katika kununua mpira mkuu, usikubali ukipewa wa Beetle ukaambiwa utakatwa. Umbo la ubavu wake ni tofauti, na sehemu inayoingia kwenye mfereji wa bodi haitakaa. Hata kwa Kombi zenyewe, zile za hadi mwaka 1971 na zile za kuanzia 1972 hazitumii mpira mmoja, kwa kuwa sehemu ya nyuma ya bodi ilibadilishwa ili iweze kupokea injini kubwa ya 1700. Yako ya 1970 ni ya kundi la kwanza. Hakikisha bodi haijawahi kuchomelewa kipande cha nyuma kutoka gari jingine. Kata sentimita tano za mpira wa zamani uliobaki mferejini, uende nazo dukani, ulinganishe ubavu kwa ubavu. Mpira mzuri ni mzito, hauna matundu ya hewa ndani, na ukiukunja hadi ncha zigusane hauonyeshi nyufa.

Sponji ya godoro hunyonya oili na mvuke wa petroli, nayo iko karibu na bomba la ekzosi. Sitasema zaidi ya hapo. Ukanda uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya lori si hatari kiasi hicho na unaweza kukufikisha nyumbani, ila mpira wa tyubu huvimba na kulegea ukikutana na oili, na baada ya miezi michache unaanza kupepea badala ya kuziba. Ukifunga mpira mpya, upake maji ya sabuni kwenye mfereji badala ya grisi, uanzie katikati ya upande wa mbele uende pande zote mbili, wala usiuvute ili urefuke. Mpira uliovutwa hurudi kwenye urefu wake ukipoa na kuacha pengo pembeni. Ikiwa baada ya kuziba bado inachemka, niandikie tena, tutaanza kuzungumzia taimingi.

Hujambo fundi? Mirija ya pushrodi (fimbo zinazosukuma vali) ya Beetle yangu 1600 inavuja yote. Dukani Kirinyaga Road nimeonyeshwa sili nyeupe, nyeusi, kahawia na za kijani, kila mmoja akisifu zake. Rangi ina maana gani? Na je, zinaweza kubadilishwa bila kufungua silinda hedi? — Msomaji, Nairobi

Sijambo. Rangi ni uamuzi wa kiwanda na haina sheria yoyote inayoilinda. Viton huweza kuwa kahawia, kijani au nyeusi. Silikoni huweza kuwa nyeupe, nyekundu, ya machungwa au ya buluu. Na hakuna kinachomzuia mtu kupaka nitrile rangi ya kahawia. Uliza jina la mpira, kisha utazame kama limeandikwa kwenye pakiti pamoja na namba ya spea.

Kwa ufupi hali ni hii. Nitrile ndiyo mpira wa kawaida wa oili. Ni imara na wa bei nafuu, lakini kwa muda mrefu hautaki kupita kiasi cha nyuzi joto 100 hadi 120, ukizidi hapo hukakamaa na kupasuka. Silikoni huvumilia joto hadi karibu nyuzi 200 na hubaki laini kwa miaka, ila huchanika kwa urahisi na haifai kabisa mahali penye petroli. Viton, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya DuPont katika miaka ya 1950, huvumilia joto kama hilo pamoja na oili na petroli, na ndiyo ghali kuliko zote. EPDM ni mpira bora wa jua, mvua na mafuta ya breki, kwa hiyo ni mzuri kwa vioo na milango, lakini oili ya injini huuvimbisha vibaya. Ukishuku umeuziwa EPDM, itumbukize moja kwenye kikombe cha oili ya injini iliyopashwa moto kiasi, uiache usiku kucha, uipime kwa kalipa asubuhi. Iliyovimba usiifunge.

Kuna mafundi wanaochoma kipande kwa kiberiti ili wanuse na kutambua. Naomba wenye tabia hiyo waiache. Viton ikiungua hutoa gesi ya floridi ya hidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi inayopenya ngozi na kuharibu mapafu. Kwa sababu hiyohiyo, ukifungua injini iliyowahi kuungua moto, usishike kwa mikono mitupu masalia meusi ya sili yanayonata.

Kwa mirija yako minane, yenye sili kumi na sita, silikoni nzuri inatosha. Viton haina ubaya kama mfuko unaruhusu. Wamarekani walijifunza somo hili kwa Chevrolet Corvair, gari la silinda sita lililopozwa kwa hewa na kuuzwa katika miaka ya 1960. Oringi zake 24 za mirija ya pushrodi zilikuwa za mpira uliokakamaa kwa joto, gari likapata sifa ya kudondosha oili kila liendapo, na wamiliki walipohamia kwenye Viton uvujaji huo ukakoma.

Hata hivyo, kwenye Volkswagen sili peke yake haitoshi. Mirija ya asili ina mikunjo kwenye ncha zake mithili ya kodiani, na hubanwa kati ya hedi na kasha wakati hedi inapokazwa. Mrija uliokwisha kubanwa mara moja hubaki mfupi, na ukirudishwa hivyo hauibani sili, iwe ya Viton au ya kitu kingine. Kabla ya kufunga, kila mrija wa injini ya 1300, 1500 na 1600 huvutwa taratibu kwa mkono hadi urefu wa milimita 190 hadi 191, mshono wake ukaelekezwa juu. Ule wa 1200 ni mfupi zaidi, usichanganye. Mrija wenye ufa kwenye mikunjo hutupwa. Usipake gundi ya silikoni ya tyubu "kwa usalama". Inayobaki ndani hukatika vipande na kwenda kuziba chujio la oili.

Kuhusu kutofungua hedi, ndiyo, ipo mirija ya vipande viwili inayorefuka na kufupika, mingine kwa springi na mingine kwa nati, ambayo huingizwa baada ya kutoa roka na pushrodi tu. Ninaikubali kwa mrija mmoja au miwili inayovuja kwenye injini nzima iliyo salama. Kwa injini yenye mirija yote minane inayovuja, huenda hedi zimelegea, na ni vyema zifunguliwe. Wenye Kombi za injini ya 1700, 1800 au 2000 wasilisome jibu hili kama lao: mirija yao haina mikunjo, huchomolewa kupitia kwenye hedi, na hutumia oringi za ukubwa mbili tofauti, moja upande wa hedi na nyingine upande wa kasha.

Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Kizanzibari niliyeko Muscat, nina Porsche 911 ya miaka ya 1970. Mirija ya kurudisha oili inavuja. Je, joto la huku ndilo linaloua oringi? — Msomaji, Oman

Marahaba, kijana wangu. Joto la nje la nyuzi 45 si kitu kwa oringi inayokaa ndani ya oili ya nyuzi 100 na zaidi. Inachokiona ni joto la oili. Kinachoua huko ni gari kukaa miezi ya kiangazi bila kuwashwa, mpira ukibanwa mahali pamoja ukiwa mkavu. Mirija yako minne ya asili ni ya kipande kimoja na haitoki bila kufungua nyumba ya kemshafti. Zinauzwa badala yake za vipande viwili zinazoteleza moja ndani ya nyingine. Ile ya zamani hukatwa kwa uangalifu ikatolewa, mpya ikaingizwa ikiwa fupi, kisha ikarefushwa na kufungwa kwa pete ya springi. Chagua zenye oringi za Viton, uzipake oili kabla ya kuzisukuma, na uhakikishe hakuna chembe ya chuma iliyoangukia ndani wakati wa kukata.

Fundi, baada ya kufunga injini yangu niliweka kipoza oili kilichotoka kwenye injini nyingine. Sasa oili inamwagika upande wa kushoto mara tu ninapowasha asubuhi, ikipata moto inapungua. Sili ni mpya. — Msomaji, Iringa

Umenieleza vizuri, na jibu nadhani liko kwenye matundu. Kipoza oili hukaa wima juu ya kasha, ndani ya bati la feni, juu ya sili mbili ndogo zinazoziba njia za oili. Injini za zamani zina njia za milimita 8, na zile za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na vipoza vyake, zina za milimita 10. Kwa hiyo kuna sili za aina tatu: za 8 kwa 8, za 10 kwa 10, na zile zenye ngazi zinazounganisha kasha la 8 na kipoza cha 10. Katika mkono zinafanana sana, na seti nyingi za gasketi huja na aina zaidi ya moja kwenye mfuko mmoja, jambo linalomfanya fundi achukue inayotangulia.

Chukua drili ya milimita 8 na ya milimita 10, uzigeuze upande wa nyuma ulio laini, ujaribu kwenye matundu ya kasha kisha ya kipoza. Inayoingia bila kucheza ndiyo kipimo chako. Sili ikiwa si yake hukaa ikiwa imebanwa upande mmoja, na asubuhi oili ikiwa nzito presha hupanda na kuifungua.

Ukishaling'oa bati la feni kwa kazi hiyo, fungua na ile bolti kubwa yenye mfereji wa bisibisi chini ya kasha, upande wa puli, utoe springi na pistoni ndogo iliyo ndani. Kazi ya pistoni hiyo ni kuipitishia oili baridi njia ya mkato isiende kwenye kipoza. Ikikwama kwa uchafu, presha yote ya asubuhi huangukia sili zako, nazo zitashindwa hata zikiwa sahihi. Inapaswa kuteleza yenyewe kwa uzito wake. Isipoteleza, isafishe kwa petroli na uing'arishe kidogo. Jaza oili ya uzito uleule uliokuwa ukitumia, maana oili nzito zaidi itakuongezea shida hiyohiyo ya asubuhi.

Katika stoo ya babu nimepata boksi la sili za Volkswagen zikiwa bado kwenye karatasi zake za kiwanda, za tangu miaka ya 1970. Je, hizi za asili si bora kuliko za sasa? — Msomaji, Tanga

Ni mali nzuri, lakini si ya kufunga kwenye injini. Mpira huzeeka hata ukiwa ndani ya karatasi yake. Kanuni za kimataifa za utunzaji wa bidhaa za mpira huipa nitrile iliyofungashwa vizuri miaka 7 stoo, na silikoni na Viton miaka 10, kabla ya kukaguliwa upya na pengine kuongezewa muda. Hizo za babu zimepita mara kadhaa, tena katika joto la pwani. Bonyeza mdomo wa sili moja kwa kucha uone kama unarudi. Nina hakika alama itabaki. Zitunze pamoja na karatasi zake kwa ajili ya namba za spea zilizochapwa juu yake na kwa ajili ya vipimo. Ukipima kwa kalipa, andika kwa utaratibu unaotumika madukani: kipenyo cha shafti kwanza, halafu kipenyo cha tundu, halafu unene. Ukiwa na namba na vipimo hivyo hutauziwa sili kwa kukisiwa. Gasketi za karatasi na za shaba zilizomo humo, kama hazijakunjika wala kuliwa na wadudu, hizo zifunge bila wasiwasi.